Jani la Mgomba Katikati ya London

Mbege ya bibi, ile pombe ya ndizi na ulezi, ikishaiva, kazi yake ya mwisho ilikuwa kukata jani bichi la mgomba na kulifunga kwenye mti wa njia panda, pale njia ya mtoni inapoachana na njia ya kanisani. Hakubandika tangazo wala hakutuma mtu. Waliotoka shambani waliliona jani, wakakunja kona. Jioni mabenchi yote uani yalikuwa yamejaa, na sisi wajukuu tulipita katikati ya magoti ya wazee tukikusanya kata tupu na kurudisha zilizojaa. Jani likinyauka, kila mtu alijua mtungi umekauka.

Jani hilo nimekaa nalo kichwani zaidi ya miaka 40. Sikutegemea kulikuta London.

Nilikwenda huko Novemba kumtembelea mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ni muuguzi na ameishi kusini mwa mto Thames kwa miaka mingi. Siku nne alikuwa zamu, nami nilikwisha kuamua nitazitumiaje: kuzunguka katikati ya jiji na kuingia katika zile baa za jadi ambazo wenyewe wanaziita pabu. Mdogo wangu hakufurahi.

"Dada, kuna makumbusho, kuna bustani, kuna makanisa ya kuvutia," aliniambia akivua viatu vya kazi. "Huko ni kwa walevi."

"Mama yako na mama yangu walisomeshwa kwa mbege," nilimjibu. "Bibi angekusikia."

Alinyamaza. Hakukubali, lakini aliniandikia kwenye karatasi nishukie kituo gani.

Neno pabu ni kifupi cha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya nyumba ya umma. Nilitembea siku zote nne nikiyatafakari maneno hayo, kwa kuwa naona jambo lote limo humo. Ni nyumba, maana yake ina mwenyewe, ina moto, ina pembe za kujificha, ina desturi zake. Na ni ya umma, maana yake hakuna anayeulizwa mlangoni ametoka wapi. Pabu nilizozipenda ni zile zilizotimiza yote mawili. Nilizozichukia zilitimiza moja tu, na baadhi hazikutimiza hata moja.

Ya kwanza ilikuwa Ye Olde Mitre. Kuifikia kunataka moyo. Upande mmoja kuna Hatton Garden, mtaa wa wauza almasi na dhahabu. Upande wa pili Ely Place, mahali ambapo zamani maaskofu wa Ely walikuwa na jumba lao la London. Kati ya mitaa hiyo kuna kichochoro chembamba ambamo wawili wakikutana, mmoja hugeuza bega. Katikati ya kichochoro ndipo ilipo pabu, na juu ya mlango kuna picha ya kofia ya askofu. Ilianzishwa mwaka 1546 kwa ajili ya watumishi wa jumba lile. Jengo la leo ni la karne ya 18. Kwenye pembe ya chumba cha mbele limehifadhiwa shina la mcheri, na wenyeji wanasimulia kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza aliwahi kucheza akiuzunguka mti huo. Sikuwa na haja ya kuamini. Shina lenyewe lilitosha: jeusi, limekauka, limelindwa kwa kioo kama kitu cha kanisani.

Nilichagua meza nikasubiri mhudumu, kama tunavyofanya Dar es Salaam. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti alinieleza kwa upole kwamba hapa mtu huenda mwenyewe kaunta. Nilipokwenda nilikuta watu sita wamesimama bila mstari, na bado kila mmoja alihudumiwa kwa zamu yake. Mwanamke wa kaunta alikuwa na foleni yote kichwani. Akimaliza na mmoja, aliinua macho kwa anayefuata, na aliyetazamwa kimakosa alimwonyesha aliyemtangulia. Ilipofika zamu yangu alinitazama akangoja. Nilijisikia nimehesabiwa. Katika mji ambamo sikumjua mtu ila mdogo wangu, mtu alikuwa amehesabu nilifika lini na nani alinitangulia.

Basi picha ile ya kofia ya askofu ndiyo iliyonirudisha kwenye njia panda ya bibi. Zamani za kati huko Uingereza pombe ilipikwa majumbani, na wapishi wengi walikuwa wanawake. Pombe ikiiva, mama alitokeza nje mti mrefu wenye kitita cha majani kwenye ncha, ili wapita njia na wakaguzi wa pombe wajue. Mwaka 1393, wakati wa Mfalme Richard wa Pili, ikawa amri: anayepika pombe ya kuuza sharti aweke alama nje. Watu wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo alama ilikuwa picha. Hivyo ndivyo London ilivyojaa kondoo, nyota, kofia na watawa wanaoning'inia juu ya milango mpaka leo. Kila ubao kama ule ni mjukuu wa kitita cha majani. Nilisimama kichochoroni nikiutazama, na kwa mara ya kwanza katika nchi ile sikujiona mgeni wa mambo yao.

Bia niliyopewa pale ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, kwa sababu Afrika Mashariki tumezoea kusema kwamba Waingereza wanakunywa bia ya moto, na si kweli. Bia yao ya jadi haijamaliza kuchachuka inapotoka kiwandani. Inashushwa ghala la chini ya sakafu ikiwa ndani ya pipa, chachu ikiwa hai, na inamalizia kuiva hapo kwa siku kadhaa. Inakaa kwenye ubaridi wa nyuzi 11 hadi 13, ubaridi ulionikumbusha mtungi wa maji uliowekwa kivulini. Haina gesi ya kusukumwa. Mwanamke yule alishika mkono mrefu wa pampu akauvuta kwake polepole, mara mbili, mkono wote wa kuume ukifanya kazi, na bia ikapanda kutoka chini. Glasi ilikuwa na alama ya serikali ya kipimo, maana painti ni mililita 568 na sheria hairuhusu mchezo. Mimi nilichukua nusu.

Pipa likishafunguliwa, lina siku tatu hivi. Zikipita, bia imechoka. Ndiyo maana mwenye pabu lazima awajue watu wake: afungue mangapi Ijumaa, mangapi Jumatatu. Bibi alikuwa na hesabu hiyohiyo. Ndizi mbivu huchemshwa mpaka zinabadilika rangi, huachwa zichachuke, huchujwa, ndipo unapoongezwa uji wa kimea cha ulezi pamoja na gome la msesewe linaloipa mbege uchungu wake. Baada ya hapo hakuna kungoja. Mbege ya jana inanyweka. Ya juzi ni kwa mwenye shida. Kinywaji kinachokufa upesi kinataka majirani. Hakiwezi kukaa rafuni mwaka mzima kikimsubiri mtu asiyejulikana.

Waingereza nao wana msesewe wao, yaani hopsi, ua chungu lililowafikia kutoka nchi za Uholanzi na Flanders katika karne ya 15. Uchungu ule pia huzuia bia isiharibike. Bia ikaweza kukaa, ikaweza kusafiri, ikahitaji mapipa makubwa na mtaji mkubwa, na kidogo kidogo kazi ikatoka mikononi mwa akina mama ikaingia kwa wenye fedha. Nililifikiria hilo sana, kwa sababu nimeliona likitokea kwetu katika maisha yangu mwenyewe.

Siku ya pili nilikwenda Princess Louise, barabara ya High Holborn. Nje ni jengo la kawaida la mwaka 1872. Ndani, mapambo ya mwaka 1891 yalinifanya nisimame mlangoni. Vigae vya rangi kutoka sakafuni hadi juu, vioo vilivyochongwa maua, dari nyekundu yenye nakshi. Lakini uzuri wenyewe ni kuta. Kaunta iko katikati kama kisiwa, na kuizunguka kuna kuta nyembamba za mbao na vioo zinazogawa ukumbi kuwa vyumba vidogo vidogo. Kila chumba kina upande wake wa kaunta. Kuta hizi ziliwahi kuondolewa, zikarudishwa kwa mfano wa kale katika ukarabati wa 2007 na 2008. Nawashukuru waliozirudisha.

Niliketi katika kimojawapo, chumba cha watu wanane kwa kubanana. Upande wa pili wa kioo niliona vivuli vya vichwa na nikasikia mvumo wa mazungumzo bila kusikia maneno. Hapakuwa na muziki wala televisheni. Pabu ile ni ya kiwanda cha Samuel Smith cha Tadcaster, kilichoanza mwaka 1758, ambacho kimepiga marufuku muziki katika pabu zake zote na baadaye kikapiga marufuku simu pia. Wapo wanaokilaumu kwa ukali huo. Mimi nakiunga mkono kwa moyo wote. Nimechoka na baa za kwetu ambamo spika moja inashindana na ya jirani na watu wanazungumza kwa ishara za mikono. Mtu aliyetoka kazini na jambo moyoni anahitaji mahali pa kulisema kwa sauti ya kawaida. Tukimnyima hapo, tunambakishia kunywa tu.

Kutoka hapo nilitembea hadi The Lamb, katika mtaa wa Lamb's Conduit, karibu na vyuo vya Bloomsbury ambako Kiswahili kimefundishwa kwa vizazi. Juu ya kaunta yake, usawa wa uso, kuna safu ya vidirisha vya kioo vilivyochongwa, kila kimoja kikizunguka kwenye mhimili wake. Vilitengenezwa enzi za Malkia Victoria ili mnywaji aweze kuagiza na kupokea bila mwenye kaunta wala watu wa upande wa pili kumwona sura. Nilikisukuma kimoja kwa kidole. Kilizunguka bila kelele, laini kama ukurasa wa kitabu. Mwanzo nilikiona kuwa kitu cha matabaka, cha wakubwa kujificha wasionekane na wadogo, na ni kweli kwamba ndivyo kilivyokuwa. Lakini nilipoketi peke yangu, mwanamke mweusi wa makamo katika ukumbi wa wanaume wa suti, nilikielewa kwa namna nyingine. Wakati mwingine mtu anataka kuwa miongoni mwa watu bila kuangaliwa.

Maana wanawake hawakuingia nyumba hizi za umma kirahisi. Fleet Street kulikuwa na baa ya mvinyo, El Vino, ambapo mwanamke hakuruhusiwa kusimama kaunta. Alitakiwa aketi chumba cha nyuma ahudumiwe mezani. Wanawake wawili, mmoja mwanahabari na mwingine mwanasheria, waliifikisha mahakamani, na mwaka 1982 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba ule ni ubaguzi. Hoja iliyonigusa ni hii: kaunta ndipo habari za siku zilipokuwa zikibadilishwa, na anayezuiwa kusimama hapo anazuiwa kusikia. Ya umma ni neno lililopiganiwa. Vigae na vioo vilikuwapo miaka mingi kabla nyumba haijawa ya wote.

Siku ya tatu ilikuwa ya Fleet Street yenyewe. Magazeti yaliyoupa mtaa ule jina yalianza kuhama mwaka 1986, lakini Ye Olde Cheshire Cheese ipo, ndani ya kichochoro cha Wine Office Court. Ilijengwa upya mwaka 1667, mwaka mmoja baada ya moto mkubwa kuiteketeza London. Karibu na mlango kuna ubao wenye majina ya wafalme na malkia ambao nyumba imepitia tawala zao. Ndani kuna giza la kweli. Macho yalichukua muda kuzoea, na nilipozoea nikaona moto wa makaa, viti virefu vya mbao nyeusi, sakafu yenye maranda, kisha ngazi inayoshuka, na nyingine inayoshuka zaidi, hadi vyumba vya mawe chini kabisa. Hatua chache kutoka hapo, Gough Square, ndipo alipoishi Samuel Johnson alipokuwa akiandika kamusi yake ya 1755, na wenye pabu wanajivunia kwamba alikuwa mteja.

Nilipenda chumba cha mbele, ambacho moto wake uliwaweka wateja karibu karibu. Vyumba vya chini sikuvipenda. Vilikuwa vimejaa watalii kama mimi, kila kundi likipiga picha na kuondoka, na niliona hatari ya nyumba kama ile: ikisifiwa sana, inageuka kuwa kitu cha kutazama. Mzee wa gazeti niliyekutana naye Mitre hangekuja hapa. Nyumba ya pombe isiyo na wazee wake ni kama msikiti usio na jamaa. Mihimili ipo, swala haipo.

Hata hivyo nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu ya redio niliyoikumbuka. Mjomba alikuwa na redio ya mkulima, na jioni aliileta kwa bibi akaining'iniza kwenye msumari juu ya mabenchi. Saa ya taarifa ya habari ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC kutoka London ilipofika, wazee wote walinyamaza, kata mkononi. Idhaa hiyo ilianza mwaka 1957, na hadi 2012 nyumba ya matangazo ya dunia ya BBC ilikuwa Bush House, mwendo wa dakika chache tu kutoka kiti nilichokalia. Taarifa ikiisha, mjomba alizima redio ili kuokoa betri, na mjadala wenyewe ukaanza: vita vya Uganda, bei ya kahawa, kifo cha kiongozi fulani wa mbali. Wanahabari wa Fleet Street walikuwa na kaunta yao ya kubadilishana habari. Sisi tulikuwa na ua wa bibi. Wazee wale hawakuwa na gazeti, ila hawakupitwa na dunia.

Naomba nitaje pia nilichokichukia, ili nisionekane nimesifu kila kitu. Karibu na kituo kimoja kikubwa cha treni niliingia pabu yenye jina la kale na ubao mzuri nje. Ndani kulikuwa na televisheni saba, taa za rangi, na orodha ya vyakula niliyokwisha kuiona neno kwa neno katika pabu nyingine asubuhi ile. Glasi ya painti ilizidi pauni 6, bei ambayo katikati ya London imekuwa ya kawaida. Kijana wa kaunta alikuwa anatumikia watu watatu kwa mara moja na hakumtazama hata mmoja machoni. Sikumlaumu. Nyumba ilikuwa imemfanya kuwa mashine. Jina la kale mlangoni halimrudishi mwenye nyumba aliyeondoka.

Jioni ya siku hiyo niliteremka hadi Blackfriars, na hapo ndipo nilipopata jibu la swali nililokuwa nikilizunguka, la nini huifanya nyumba ya aina hii isipotee. The Black Friar ni jengo jembamba lenye umbo la kabari, limesimama karibu na daraja na reli. Zamani sana hapo palikuwa na nyumba ya watawa Wadominiko waliovaa joho jeusi. Kuanzia mwaka 1905 msanifu Herbert Fuller-Clark na wachongaji wake waliipamba pabu hii ndani na nje kwa watawa: watawa wa shaba wakiimba, watawa wakivua samaki, watawa wakichuma zabibu, kwenye kuta za marumaru ya rangi nyingi. Nyuma kuna chumba kidogo chenye dari ya nakshi za dhahabu kama kanisa dogo, na kwenye kuta zake kumeandikwa misemo. Mmoja unasema kwamba haraka ni kuchelewa. Niliusoma mara mbili, kisha nikautamka kwa Kiswahili, kimoyomoyo, kama nilivyofundishwa: haraka haraka haina baraka.

Katika miaka ya 1960 jengo hili lilipangwa kubomolewa. Mshairi John Betjeman na wenzake walipiga kelele hadi likaachwa. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu nami, mkazi wa jiji, ndiye aliyenieleza habari hiyo. Na alipoona nasikiliza, akanisimulia nyingine, ya pabu ya Carlton Tavern, kaskazini-magharibi mwa jiji. Ilijengwa miaka ya 1920. Mwaka 2015 wenye eneo waliibomoa bila kibali, siku mbili tu kabla haijapewa ulinzi wa kisheria. Lakini majirani walikuwa wameshtuka mapema. Walikuwa wameomba wataalamu wa urithi waje, na wataalamu wakapima, wakapiga picha, wakachukua nakala za plasta za vigae. Halmashauri ya Westminster ikaamuru pabu ijengwe upya kama ilivyokuwa, tofali kwa tofali. Ilifunguliwa tena Aprili 2021.

Nilimwuliza nini kiliwezesha hilo, sheria au fedha. Alitikisa kichwa. Sheria zilikuwapo siku zote, alisema. Kilichosaidia ni kwamba kulikuwa na watu walioijua nyumba ile kiasi cha kuweza kuieleza.

Nililala na maneno hayo. Nchi ile ina chama cha kutetea bia ya jadi, CAMRA, kilichoanzishwa mwaka 1971 na wanaume wanne waliochukizwa na bia isiyo na uhai, na leo chama hicho kinaweka orodha ya pabu ambazo ndani yake hazijaharibiwa: kaunta ipi ni ya mwaka gani, ukuta upi umeondolewa, kioo kipi ni cha asili. Watu wamekwenda na daftari wakaandika. Sisi ua wa bibi hakuna aliyeuandika. Mbege yenyewe imeandikwa na wataalamu wa chakula na wa mila, lakini ile nyumba, yale mabenchi, ule utaratibu wa nani hupewa kata ya kwanza na nani hukaa karibu na mlango, tuliuacha uishie midomoni. Tuliona aibu. Tulisoma shule kwa fedha za pombe, kisha tukajifunza shuleni kwamba pombe ya kienyeji ni mambo ya washamba na nyumba yake ni ya walevi. Bibi alipofariki, nyumba ilivunjwa, ikajengwa ya matofali na bati. Ni nzuri. Mimi mwenyewe nilichangia saruji.

Siku ya nne mdogo wangu alitoka zamu mapema, akanifuata The George, Southwark, upande wake wa mto. Ilijengwa upya mwaka 1677 baada ya moto, na ndiyo nyumba ya mwisho London ya wasafiri wa magari ya farasi iliyobaki na roshani zake za mbao zinazotazama ua. Hata hivyo ni upande mmoja tu uliosalia. Kampuni ya reli ilibomoa pande nyingine mwaka 1889. Leo inamilikiwa na shirika la taifa la hifadhi. Tuliketi uani na makoti yetu, chini ya roshani zilizopinda kwa umri. Aliagiza soda ya tangawizi. Kwa muda hakusema kitu, akawa anatazama watu wanaoingia kutoka barabarani: waliotoka ofisini, waliotoka sokoni, mzee na mbwa wake.

"Dada," alisema mwishoni, "pamekaa kama kwa bibi."

Mezani kulikuwa na kadi za kuwekea glasi, za karatasi ngumu, mviringo. Nilipindua moja, nikatoa kalamu, nikachora mraba. Hii ni nyumba, nikamwambia, na hapa ni uani. Akanisogelea. Benchi la wazee lilikuwa huku, akasema, kwenye uzio wa masale, kwa sababu mjomba alining'iniza redio upande huu. Alikuwa sahihi, nilikuwa nimesahau. Mitungi ilikaa hapa. Kinu hapa. Kata zilianikwa juu ya kichanja, midomo chini. Alikumbuka kwamba bibi alionja kwanza mbele ya watu kabla ya kumgawia mtu yeyote. Nilikumbuka kwamba kata ya kwanza ilikwenda kwa mzee mkubwa kuliko wote aliyekuwepo, hata kama hana senti. Tuligombana kuhusu mlango. Mimi nilisema ulitazama mlima. Yeye alisema ulitazama mtoni, na hakutaka kusikia vingine. Giza liliingia, taa za roshani zikawashwa, nasi tukawa bado tunachora, kadi ya tatu sasa.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja nyumbani Kilema kumwona mama. Nilimpa kadi, nikamweleza ubishi wetu. Alivaa miwani, akaitazama kadi muda mrefu, akaigeuza, akairudisha.

"Mko sahihi wote wawili," alisema. "Milango ilikuwa miwili."

Mlango wa mbele, uliotazama mlima, ulikuwa wa wateja. Wa pili ulikuwa upande wa mtoni, mdogo, nyuma ya mitungi. Bibi aliutoboa baadaye, kwa ajili ya akina mama waliotaka kuketi na kunywa kata yao bila kupita mbele ya wanaume.

Nikampa kalamu. Akauchora mwenyewe.